Mtu wa Awa

Ziwani, Nairobi
3 Machi 2025

Kwa Sirad binti Hared,

Salaam za Ramadhani. Hunijui, lakini jina la baba yangu bila shaka ulilisikia nyumbani kwenu. Mimi ni Amondi, binti ya Zedekiah, yule askari wa KAR, jeshi la Waingereza, aliyekwenda na baba yako vita vya Bukini mwaka wa arobaini na mbili. Vijana wa siku hizi husema Madagaska.

Habari zako nimezipata kwa Wavinya, nesi anayekuja kumsafisha mumeo vidonda. Anakaa hapa Ziwani, mlango wa tatu kutoka kwangu, na ndiye atakayekuletea barua hii. Ningepiga simu, ila masikio yangu yamekwisha. Nikiweka simu sikioni nasikia mvumo tu, kama jiko la mafuta linalotaka kuzimika. Basi naandika. Macho bado yapo, namshukuru Mungu.

Baba aliondoka nikiwa tumboni. Nilizaliwa Juni. Mwaka uliofuata baba yako alikuja akamwambia mama yangu, Apondi, maneno mawili ambayo mama aliyarudia maisha yake yote: "Maji yamemchukua." Mama alielewa kwamba alizama siku ile waliyoteremka kutoka kwenye meli. Hakuuliza zaidi. Alikataa kurithiwa na shemeji zake, akaja Nairobi, akafagia barabara za kaunsili hadi akastaafu. Na kila Idi, baba yako alikuja na mguu wa mbuzi kutoka Soko la Burma, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akanywa chai, akaenda zake. Hakukosa hata mwaka mmoja mpaka alipokufa.

Sasa mwanangu Sylvance, anayefanya kazi reli, amekubaliana na watu wetu wa Alego kwamba babu yake azikwe. Kwetu, mtu aliyepotea majini au vitani asionekane, huzikwa tunda la mti wa yago badala ya mwili wake. Ni tunda refu, zito, linalazwa kaburini kama mtu. Tumepanga Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Lakini kaburini lazima mtu asimame aseme marehemu alikufaje. Waliojua wote wamekwisha. Umebaki wewe, uliyeishi na Hared. Alikuambia nini?

Na kama unaweza kuja hapa kwangu, njoo. Kutoka Eastleigh si mbali.

Mimi,
Amondi

*

Eastleigh
9 Machi 2025

Mama Amondi,

Nimeipokea barua yako kwa heshima. Ninajua wewe ni nani. Samahani nimechelewa kujibu; saumu, na mume wangu Burale hali yake si nzuri. Sukari imemla mguu. Kutoka nje kwangu ni shida.

Nitakuandikia ninayoyajua kuhusu kuteremka kule Bukini. Baba hakuwa msemaji, lakini hilo alilisimulia mara nyingi, kwa sababu lilikuwa likimchekesha.

Yeye alizaliwa upande wa Wajir. Maji mengi aliyowahi kuyaona kabla ya jeshi yalikuwa ya kisima. Walipofikishwa Mombasa wakaambiwa waingie melini, aliuliza ni nani anayelishikilia lile dude lisizame. Hawakuambiwa wanakwenda wapi. Walifundishwa kushuka kwa nyavu za kamba ubavuni mwa meli hadi kwenye mashua za chuma zenye mlango mbele, na ukikosea hatua unakwenda chini na mzigo wako wote mgongoni.

Asubuhi ya Septemba, nje ya mji wa Majunga, aliamka akaona bahari imejaa meli hadi akadhani ni mji mwingine. Manowari zilikuwa zimejipanga nyuma na mizinga imeelekezwa nchi kavu, na meli za askari mbele, na mashua ndogo zikipita katikati kama sisimizi. Alisema kitu kilichomtisha ni ukimya. Watu maelfu, na hakuna anayeongea. Askari wa Kizungu walishuka kwanza wakauchukua mji. Risasi hazikuwa nyingi. Kisha ikawa zamu ya akina baba. Mlango wa mashua ulipofunguliwa maji yalikuwa yanafika kifuani. Baba alisimama pale pale, miguu imekataa. Zedekiah akamshika mkanda kwa nyuma, akamwambia, "Hared, tembea. Maji ni barabara tu yenye matope." Akamsukuma hivyo hadi mchangani, bunduki zote mbili akiwa amezibeba yeye juu ya kichwa.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Mwambie msemaji wenu aseme kwamba alikuwa askari mwema na rafiki wa kweli.

Nakuombea afya.

Sirad

*

Ziwani
16 Machi 2025

Sirad mwanangu,

Nimesoma barua yako mara nne. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia baba yangu akisema kitu. "Maji ni barabara tu yenye matope." Nimecheka peke yangu, kisha nikalia.

Halafu nikaisoma mara ya tano, kwa jicho la kazi. Nilikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Najua mtu anapozuia pumzi.

Umeniandikia meli, mizinga, nyavu, maji. Umeniandikia baba yangu akimtoa baba yako majini hadi mchangani. Hukuandika popote kwamba alizama. Tena baba yangu alikulia ukingoni mwa Ziwa Kanyaboli. Shangazi zangu walisema aliogelea kabla hajajua kuhesabu. Mtu kama huyo anazamaje kwenye maji ya kifua, akiwa tayari amefika mchangani na rafiki yake mkononi?

Sikulaumu. Labda baba yako aliona aibu kwamba baba yangu alimwokoa yeye kisha akarudi majini kumsaidia mwingine. Kama ni hivyo, niambie. Ni jambo la kusema kaburini kwa fahari.

Sylvance ameshachapisha karatasi za mazishi. Wameweka picha ya meli, kwa kuwa picha ya babu hatuna.

Njoo tuongee. Wavinya anasema kuna siku mumeo hupata usingizi mchana.

Amondi

*

Eastleigh
2 Aprili 2025

Mama Amondi,

Idi imepita salama. Nimemtuma Wavinya na kitambaa cheusi cha mita tano, utashona nguo ya siku ile.

Sitaweza kuja Ziwani wala Alego. Tafadhali usinisubiri, na usinitaje mbele ya watu wako.

Sirad

*

Ziwani
4 Aprili 2025

Sirad,

Nimekurudishia kitambaa. Sivai nguo ya mtu anayenificha.

Nakuuliza swali moja. Nina miaka themanini na miwili, nitatimiza na tatu mwezi wa sita, na figo zangu hazinipi ahadi. Baba yangu alikufaje?

Amondi

*

Eastleigh
7 Aprili 2025

Mama Amondi,

Kama Wavinya amekufikishia hii kabla hamjasafiri, keti kwanza.

Baba yako hakuzama. Alibaki kule kwa hiari yake.

Nitaandika yote bila kupunguza. Baada ya Majunga walielekea ndani ya nchi kwa barabara ya kwenda mji mkuu. Wafaransa wa kule, waliokuwa upande wa Wajerumani, walikuwa wamelivunja daraja la mto mmoja mkubwa, na ng'ambo waliweka askari. Akina baba walivuka alfajiri. Walipigana kwa karibu, kwa singe za bunduki, dakika chache tu. Zedekiah alimchoma mtu. Kulipokucha akamwona: alikuwa mweusi kama yeye, Msenegali wa jeshi la Wafaransa, kijana wa rika lake. Hakuwa amekufa. Zedekiah akaketi, akamweka kichwa mapajani, akampa maji ya chupa yake. Sajini alimpigia kelele asimame, hakusimama. Yule mtu alikuwa akirudia neno moja: Awa. Awa. Ilichukua karibu saa nzima hadi akakata roho.

Tangu siku hiyo, baba alisema, Zedekiah alibeba bunduki lakini hakuwahi tena kuitia risasi. Aliuliza kila mtu Awa ni nini. Hakuna aliyejua. Kisha akashikwa na malaria, kama nusu ya kikosi, wakamwacha katika kijiji chini ya uangalizi wa mwanamke mmoja. Vita vilipokwisha Novemba, baba alitumwa kumrudisha. Alimkuta amepona, anapalilia mpunga. Zedekiah akamwambia, "Nikirudi watanipa medali kwa ajili ya yule mtu, kisha watanipeleka kuua mwingine. Waambie maji yamenichukua. Mtu aliyechukuliwa na maji hatafutwi." Baba aliwaambia wakubwa kwamba aliingia mtoni kuoga akiwa na homa, mto ukamchukua. Wakaandika. Na ndivyo alivyomwambia mama yako, kwa maneno yale yale mawili, akamwacha ajaze mwenyewe yaliyobaki.

Ningependa kuishia hapo, lakini hapo sijajitaja.

Mwaka wa sitini na saba ilikuja barua kutoka Bukini, kwa anwani ya bucha la baba pale Soko la Burma. Baba alijua Kurani tu. Maandishi ya Kizungu hakuyajua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko shule, akafunga mlango nimsomee. Ilitoka kwa baba yako, kwa Kiswahili. Alisema ana mke huko na watoto watatu. Alisema alikutana na mzee mmoja wa Senegali aliyebaki kisiwani baada ya vita, akamwambia Awa ni jina la mwanamke, ni Hawa. Hakujua kama alikuwa mke wa yule kijana, au mama, au dada. Kisha akauliza, nayakumbuka maneno: "Nilimwacha Apondi na mimba. Mtoto alizaliwa? Anaitwa nani? Usimwambie kitu. Nataka kujua tu."

Baba alitamka jibu nikaandika. Mkono ulioandika ni wangu. "Mkeo yu hai, hakuolewa na mtu. Mtoto ni wa kike, anaitwa Amondi, ni mkunga. Ukitaka kurudi, rudi mwenyewe nikulaki. Usiporudi, usiniandikie tena, maana siwezi kumdanganya mama yule mara mbili."

Haikuja barua nyingine.

Idi iliyofuata baba alinichukua Ziwani nimbebee kikapu. Mama yako alinipa mandazi mawili na kunishika kidevu. Ulikuwa umetoka kazini, umelala, sikukuona. Nilimtazama yule mama usoni nikiwa najua mumewe anakula chakula cha mchana mahali fulani. Yale mandazi sikuyala. Baada ya hapo sikwenda tena. Ndiyo sababu siji kwako. Mume wangu ni mgonjwa kweli, lakini si yeye anayenizuia.

Mama yako alikufa mwaka wa tisini na nne. Baba yangu alikuwa ameshakufa miaka kumi na moja nyuma, kwa hiyo kwa miaka kumi na moja kulikuwa na mtu mmoja tu Nairobi nzima aliyejua, na huyo mtu alikuwa anauza vitambaa dakika thelathini kwa miguu kutoka kwenu. Ningeweza kuja. Sikuja.

Fanya utakavyoona.

Sirad

*

Eastleigh
20 Mei 2025

Mama Amondi,

Wavinya ananiambia ulisafiri na ulirudi salama. Hakuniambia zaidi, nami sikumuuliza.

Nakuandikia ili usije ukasikia barabarani. Burale alifariki tarehe kumi na moja, tukamzika siku hiyo hiyo adhuhuri. Niko eda, siku mia moja na thelathini sitoki nyumbani. Nyumba ina utulivu nisiouzoea. Nilikuwa nalalamika kwamba ananiita kila saa.

Sikuombi jibu.

Sirad

*

Ziwani
1 Juni 2025

Sirad binti Hared,

Pole kwa mumeo. Mungu amlaze pema. Wavinya anasema alikuwa mtu wa mzaha hata siku za mwisho, kwamba alikuwa akimwita yeye "daktari wa kiatu kimoja". Nimelia kwa ajili ya mtu nisiyemjua, na katika hilo sasa nina mazoezi.

Sikukuandikia wiki saba kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira yangu haikuwa kwa baba yako sana, wala kwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Ilikuwa kwa yule mwanamke mzima wa mwaka wa themanini na tatu hadi tisini na nne. Mama yangu alikuwa akiweka sahani ya baba mezani kila Krismasi. Ungebisha tu mlango.

Lakini una haki ya kujua kilichotokea.

Barua yako niliipata Jumanne. Sikumwambia mtu. Tulisafiri Alhamisi, mimi nimeiweka ndani ya nguo, kifuani. Ijumaa mchana, watu wakiwa wamejaa bomani na ng'ombe ameshachinjwa, nilimwita Sylvance nyuma ya jikoni nikampa aisome. Akaanza kupiga kelele, mimi nasoma midomo tu: "Matha, sasa nitawaambia nini hawa watu? Niwaambie babu alijificha?" Nikamwambia sisikii, aandike. Akachukua kalamu, akageuza karatasi ya mazishi yenye picha ya meli, akaandika kwa herufi kubwa neno moja: ALITUACHA.

Nikamwambia, "Ndiyo. Alituacha. Na alikaa na yule mtu hadi akakata roho, huku sajini akimtukana. Yote mawili ni yeye. Mimi sitachagua moja nikamzika nusu."

Sylvance alitembea hadi barabarani akarudi. Ana miaka hamsini na sita, lakini alirudi na uso wa mtoto. Aliuliza, kwa kuandika, kama nina ndugu huko Bukini. Nikasema watatu, kama wako hai. Akakaa chini kwenye kuni.

Jumamosi asubuhi tunda lilikuwa limelazwa kando ya shimo, limefungwa shuka. Nilisimama mwenyewe, msemaji nikamkalisha. Nikasoma barua yako kwa watu wote, neno kwa neno, isipokuwa sehemu yako na kikapu. Hiyo nilikuachia. Nilipomaliza, mzee wa ukoo akaja karibu na uso wangu, akatamka polepole nimwelewe:

"Mama, mtu aliyezikwa na wanawe mahali pengine, hatuwezi kumzika tena hapa. Tunda hili sasa ni la nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nililitazama lile tunda, nikamwona kijana amelala, kichwa mapajani pa baba yangu. Kwao hakuna aliyepata barua. Hakukuwa na Hared wa kwenda na mguu wa mbuzi kila sikukuu. Labda walimngoja miaka, labda kuna mwanamke aliyezeeka mlangoni.

Nikasema, "Ni la mtu wa Awa."

Walibishana nami. Niliona mikono inarushwa. Mgeni hazikwi ndani ya boma, wakasema. Hana ukoo, hana jina, tena ndiye aliyekuwa adui. Nikawaambia wachimbe nje ya ua basi, mimi nitangoja. Nikakaa kwenye kiti juani. Aliyechukua jembe la kwanza ni Sylvance. Walipomwona anachimba peke yake na shati lake la mazishi, wakaja wawili, kisha wanne. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu akaanza kuomboleza, mikono kichwani, mwili mzima ukitikisika. Nikaambiwa baadaye mwanawe alipanda mashua kwenda Ulaya na hawajasikia neno. Wanawake wengine wakamfuata. Tulimlilia mtu wa Awa kama tulivyopanga kumlilia baba, na chakula kikaliwa, na hakuna aliyeondoka kabla ya wakati.

Kwa baba sijalia bado. Nimemkuta nikiwa na miaka themanini na miwili, na amenikasirisha kama baba wa mtu yeyote. Nadhani ndivyo inavyotakiwa.

Sylvance anatafuta njia ya kuwapata hao watatu. Amepata ofisi moja anayoiandikia, hawajamjibu. Amesema kama lugha itashindikana ataenda mwenyewe. Simwamini, hajawahi kupanda hata kivuko cha Likoni, lakini naona jinsi anavyolitamka jina la Majunga.

Sasa wewe. Uko eda, huwezi kutoka, na miguu yangu haifiki dukani. Lakini kwetu mtu hapati pole ya barua tu. Sylvance ataniletea teksi Alhamisi saa nne asubuhi. Usipike. Usitafute maneno mazuri, hayataingia masikioni mwangu hata hivyo. Tutakaa tu, na ukitaka kusema kitu kikubwa utakiandika, sisi tumeshazoea.

Umeniuliza, bila kuuliza, kama nimekusamehe. Sijui. Nafikiri nitajua nikikuona uso.

Amondi